Homa Inayobadili Kanzu

Hawo mjukuu wangu,

Salamu kutoka Garsen. Bibi yako mzima, nami bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote huku, uliza yeyote.

Umeuliza kama niliwahi kuona ng'ombe akipona homa ya mbung'o kisha akaugua tena. Niliona. Nilikuwa kijana, na Magala, ng'ombe wa mama, alipona, nikatamba boma zima. Baba akasema, "Wee, nyamaza. Bado imo ndani." Siku chache baadaye, masikio yakalala tena. Akapona, ikarudi. Mwisho wake nauruka. Mimi niliyefukuza nyati kwa fimbo niliogopa, maana adui huyu sikumwona.

Sasa waniandikia kwamba kimelea kile kinacholeta homa hiyo kina ukoo wa jeni uliozaana na kugeuka vizazi kwa vizazi, na kila jeni ni kama kanzu: mwili ukishaizoea hii, kinavaa nyingine. Nilifika darasa la nne tu, lakini hilo limeniingia, na hofu ile imerudi.

Ng'ombe wa kaka yako walikuwa na homa. Jana walisimama, sasa wanakula, boma zima linacheka. Mimi sicheki. Niambie upesi, mama: kanzu ngapi zimebaki?

Babu yako