Koki ya Saba

Jumatano, Same. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Kule juu milimani ukungu haujaondoka. Ni saa kumi na moja jioni, wenzangu ofisini wameshakwenda, na mimi sitaki kwenda nyumbani kwa sababu mume wangu ataniuliza nina nini.

Nina nini?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa blogu hii, binti aliyemaliza chuo, aliniuliza kazi ya meneja wa mradi ina faida gani. Nilianza kumjibu, nikafuta. Faida zipo, tena nyingi. Unapata gari na kiti cha mbele mkutanoni. Unasafiri. Unajifunza kuzungumza na diwani asubuhi, fundi mchana na mfadhili jioni, na kila mmoja anaondoka akidhani uko upande wake. Mama yangu kule Ngujini hata jina langu halitaji tena. Akiulizwa kanisani habari za binti yake, anajibu, "Meneja hajambo." Nimeifanya kazi hii miaka sita, na nisiseme uongo, zipo siku bado naipenda.

Ila chuoni hawakutuambia jambo moja. Kila kitu kinabeba jina lako, na hakuna hata kimoja unachokigusa. Bomba analaza mwingine. Maji anakunywa mwingine. Wewe unashika tarehe.

Na mimi tarehe nimezishika vizuri mno.

Mradi wetu ni wa maji ya mserereko, yanayotoka chanzo cha msituni na kushuka yenyewe hadi kijiji kimoja cha Upare ya Kusini, ambacho sitakitaja. Una koki saba. Sita ziko chini, karibu na shule na kanisa. Ya saba iko kitongoji cha juu, ambako kina mama huteremka bondeni na ndoo tupu na kupanda nazo zimejaa. Mtaro wa bomba la kwenda huko waliuchimba wenyewe kwa msaragambo, kila Alhamisi, kijiji kizima kikitoka na majembe na sururu, kwenye mlima wa mawe matupu. Kiongozi wao ni Mama Nakiete, mjane mwenye sauti nzito ya kwaya. Akichoka husimama, hunyoosha mgongo, hucheka, kisha anainama tena.

Tenki lilipangwa kujengwa juu kabisa ya kitongoji hicho, kwenye shamba la mzee mmoja. Mzee alikataa. Maji hakuyakataa. Alikataa barua. Nilimpelekea barua yenye muhuri badala ya kwenda mwenyewe kuketi barazani kwake na kumwamkia. "Huyo meneja wenu hana miguu?" ndilo jibu nililoletewa. Kwenda kumwomba upya, kusubiri akae na ndugu zake, kungetuchelewesha mwezi mzima. Nikaamua tenki lishushwe, lijengwe kwenye eneo la kijiji, chini zaidi.

Fundi wetu, Mbonea, ambaye ndiye pia anayeendesha gari, aliniambia, "Dada, hapo koki ya saba itakuwa juu kuliko tenki."

Nikamwambia tutaangalia presha. Sikujua hata nilikuwa nasema nini. Macho yangu yalikuwa kwenye kalenda.

Tulimaliza kwa wakati. Nilipongezwa kwa barua pepe, wakubwa wote wakapewa nakala.

Leo tulipanda kujiandaa kwa wageni. Keshokutwa, Ijumaa, wafadhili wanakuja kuzindua mradi. Koki sita zilitoa maji safi, ya baridi, mpaka nikajisikia fahari. Tukapanda hadi ya saba. Mbonea akafungua. Ikakohoa, ikatoa upepo, ikanyamaza. Kina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao, na hakuna aliyeguna.

Mama Nakiete akanisogelea. "Mwanangu, yatakuja lini?"

"Hivi karibuni, mama. Ni hewa tu imeingia kwenye bomba."

"Haya," akasema, akageuka kuwaambia wenzake.

Tukaingia garini tukaanza kushuka. Mbonea akapita kona mbili. Kona ya tatu nikamwambia asimame. Nikamwambia turudi. Barabara ile ni nyembamba, hakuna pa kugeuzia gari, ikabidi apande kinyumenyume huku tairi zikimwaga kokoto korongoni. Muda wote huo nilikuwa naomba moyoni gari lishindwe.

Halikushindwa. Kina mama walikuwa bado pale pale.

Nikawaambia. Nilisema haraka, maana ningepunguza kasi ningesimama. Kwamba si hewa. Kwamba tenki liko chini kuliko koki yao. Kwamba fundi alinionya na mimi ndiye niliyeamua, na kwa tenki lilipo, maji hayatafika kwao.

Mama Nakiete alinitazama bila hasira.

"Tulijua," akasema. "Tangu siku ile zege linamwagwa. Sisi tumekua na mifereji na ndiva, mabwawa waliyochimba babu zetu. Kuna mtu wa hapa asiyejua kwamba maji hayapandi mlima?"

"Sasa mbona mliendelea kuchimba?"

"Si wewe uliendelea kutuambia tuchimbe? Tukasema huyu amesoma, labda kuna namna anaijua na hajatuambia."

Nimesikia maneno makali mengi katika kazi hii. Nimeshawahi kufokewa na mkandarasi mbele ya mkutano. Hakuna yaliyonikata kama haya, na yalisemwa kwa upole. Ningefurahi angenitukana.

Badala yake akanishika mkono. "Ijumaa tunawapikia wageni makande. Walete. Wakiona kwa macho yao, labda watatusaidia."

Nikarudi ofisini saa nane mchana, nikaifungua ripoti na kuandika upya. Koki sita zinatoa maji. Ya saba haitoi. Sababu ni uamuzi wa meneja wa mradi kuhusu mahali pa kujenga tenki. Nikaituma. Kwa muda mfupi nilijisikia mwepesi.

Kisha mkurugenzi akapiga simu kutoka Dar. Hakufoka. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, ndiye aliyenitetea nilipokuwa sina uzoefu, na hata leo aliongea nami kama kaka.

"Ripoti yako nimeirekebisha kidogo," akasema. "Tumeandika koki zote saba zimekamilika, moja iko kwenye marekebisho madogo. Ijumaa wageni wapeleke kwenye zile sita. Waambie barabara ya juu ni mbovu."

Nikamwambia kina mama wa juu wanapika.

"Wapelekee salamu zetu. Sikiliza, awamu ya pili ikipitishwa tutarudi kuwajengea tenki jingine. Isipopitishwa, mradi hakuna, Mbonea hana kazi, na wewe huna. Fikiria watu wako."

Hapo ndipo aliponishika, kwa sababu hajadanganya. Mbonea ana watoto wawili wanasoma sekondari kule Usangi. Ofisini tuko sita. Awamu ya pili ina vijiji viwili ambavyo havijaona bomba kabisa. Nikinyamaza, huenda mwakani Mama Nakiete akapata maji. Nikisema, huenda asipate kamwe, wala hao wengine. Nikiacha kazi, ataletwa mwingine atakayewapeleka wageni kwenye koki sita bila hata kujua kuna ya saba. Kila mlango ninaoufikiria, nyuma yake amesimama mtu ninayemfahamu kwa jina.

Basi meneja anaongoza nini?

Kabla sijaanza kuandika hapa, nilimpigia simu Mama Nakiete. Nilitaka kumwambia wasipike. Niliyapanga maneno vizuri: barabara, muda, ratiba ya wageni. Akapokea, nyuma yake nikasikia wanawake wanacheka na mahindi yanatwangwa.

"Wageni wako wangapi, mwanangu?"

Nikasema wanne.

"Haya, tutapika ya watu kumi."

Nikasema asante, nikakata simu. Sijui ni ujasiri au ni uoga uleule wa asubuhi umevaa nguo nyingine.

Mbele ya zahanati ya kijiji kuna njia panda. Kulia ni koki sita. Kushoto ni kitongoji cha juu. Mbonea hupunguza mwendo pale na kunitazama, maana anayeamua njia ni meneja. Ijumaa gari la wageni litakuwa nyuma yetu, na yeye atanitazama.

Leo nasema kushoto. Lakini leo ni Jumatano.