Dawa Aliyokatazwa Clayton

Njia ya Hemlock,
Pennsylvania.
30 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Everett,

U hali gani huko Alaska? Ingrid na Tess hawajambo? Kifua chako je, bado kinakubana baridi ikizidi? Mimi naendelea na sindano zangu za sukari, na theluji imeshatufikia. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningelia tu.

Clayton amefukuzwa kazi.

Unajua shemeji yako alivyoumia mgongo pale kwenye kiwanda cha mbao, na vile vidonge vya maumivu vilivyotaka kumuua. Wewe ndiye uliyenisaidia kumtoa bafuni, midomo imemgeuka rangi. Tangu daktari alipomwandikia matone ya bangi, ya kuweka chini ya ulimi kabla ya kulala, vidonge aliviacha kabisa na nikampata tena mume wangu. Kadi ya jimbo ya kuruhusiwa dawa hiyo anayo, nasi tukajiona tumekingwa.

Mwezi uliopita alikwaruza nguzo kwa foklifti, lile gari la kunyanyulia mbao. Mkwaruzo wenyewe hata kuuona ni kazi. Wenzake wakigonga husogeza rundo la mbao mbele ya alama na kunyamaza, kwa sababu kampuni humpa kila mtu bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani idara ikimaliza msimu bila ajali. Clayton, na unyoofu wake unaoniudhi, akaenda kuripoti mwenyewe. Na pale anayeripoti ajali hupewa kikombe akojoe, apimwe dawa za kulevya; mkojo wake ukaonyesha bangi.

Dougie, mwenzake wa kazi ambaye kila Jumatatu huja ananuka bia, alimwambia mbele ya watu, "Clay, bwana, bata mzinga umetukosesha, na kazi nayo umekosa. Huo mdomo unakuwasha nini?" Wakacheka. Sitawasamehe hao.

Nilimsindikiza ofisini. Aliiweka kadi mezani, na yule mama wa utumishi hata hakuigusa.

"Hiyo ni ya jimbo, Bwana Hostetler. Kwa waendesha mitambo tuna sheria zetu."

"Nilipokuwa nasinzia kwenye usukani kwa vidonge, mbona hamkunifukuza?"

"Vile vilikuwa na cheti cha daktari."

"Na hii nimeandikiwa na nani, kinyozi?"

Yule mama aliomba funguo za kabati la Clayton la kazini.

Nimechukia, Everett. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba alikuwa amelewa siku ile. Matone ya usiku hukaa mwilini majuma mazima, ila bia ya Dougie hupotea asubuhi.

Bima ya afya imekwenda na kazi. Kiwanda cha ng'ambo ya mto kimekubali kumchukua, kwa masharti yaleyale ya kupimwa. Nilimsihi akatae. Akaniambia, "Marlys, sindano zako hazitajinunua." Akaacha matone, akarudi kwa daktari wa zamani, akaandikiwa vidonge vilevile. Juzi amepimwa, cheti mkononi, na amefaulu. Anaanza Jumatatu, na wakubwa wake wapya wamempongeza.

Wasalimie sana Ingrid, Tess na shangazi Verna. Mungu awafunike kwa mkono wake huko baridini. Ukipata nafasi mpigie Clayton, mzungumze habari za samaki tu. Mimi nimenunua ile dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidiwa na vidonge. Iko chini ya mto wangu, na akilala mimi nakaa macho namsikiliza anavyohema.

Dada yako akupendaye,
Marlys