Saa ya Japani Kwenye Mazishi Yako

Dada Boke,

Udongo wa kaburi lako umeanza kupasuka. Mama bado anakumiminia chai asubuhi, halafu anaimwaga. Mimi naandika, maana kusema mbele za watu unajua siwezi. Siku moja tu nilijaribu.

Meneja wa hoteli yenu alisimama kaburini kukusifu. Akasoma kwenye simu yake ujumbe wako wa mwisho kwa mgeni wa Japani: "Karibu Serengeti, tembo wanakusubiri." Akasoma na saa iliyoandikwa kwenye ujumbe, mbili usiku ya siku uliyofariki. Baba mkubwa akainuka. Lori lilikugonga njia ya Manchira saa tisa mchana, na saa kumi ulikata roho mikononi mwa Mwita, mfanyakazi mwenzako aliyekukimbiza hospitali. Simu yako alibaki nayo yeye.

Baba mkubwa akamfokea Mwita: "Mwili haujapoa, unawaandikia wageni kwa jina lake? Fisi wewe!"

Mwita aliapa hakugusa kitu.

Nilielewa palepale. Programu yenu ile ya zamani ya kuwaandikia wageni huandika saa ya nchi aliko mgeni, bila kusema ni ya wapi. Ulinifundisha mwenyewe, nikikusubiri kaunta umalize zamu: "Mjapani mtoe masaa sita, mdogo wangu, la sivyo utamwamsha mtu kumtajia bei ya chumba." Uliomba irekebishwe, kila ujumbe ubebe saa ya hapa. Meneja akakujibu, "Mbona inafanya kazi?"

Nikasimama. Nikasema uliandika saa nane mchana, ile mbili ni ya Japani.

"Kwani amefia Japani?" Baba mkubwa akauliza.

Watu wakacheka, Dada. Juu ya kaburi lako. Nikamtazama meneja. Akaangalia viatu vyake.

Walimchapa Mwita fimbo za ng'ombe mpaka barabarani, udongo wa kukuzika ukiwa bado kiganjani mwake, hajaumwaga.

Juzi nilimfuata meneja. "Wote tunajua inakosea masaa," alisema. "Ulitaka niiaibishe hoteli msibani?" Nikampelekea Baba mkubwa maneno hayo. Akasema: "Tulishampiga. Tukimwomba radhi sasa, tutaonekana watu gani?"

Mwita yuko Sirari, anabeba mizigo. Nimetia udongo wa kaburi lako kwenye kopo la maziwa. Shule ikifunga nitamfuata, tuje naye kaburini kwako mchana, Baba mkubwa akiwa nyumbani. Ataumwaga kwa mkono wake. Wakicheka, nitasema tena, na safari hii sitakaa chini.

Lala, Dada. Huku kwetu bado ni mchana.

Mdogo wako,
Chacha