Kamba Shingoni mwa Toru

Malisho ya Son-Kul,
19 Juni, 1996.

Mpendwa Dada Burul,

Salamu nyingi kutoka huku juu kwenye baridi. Hujambo dada yangu? Goti lako linasemaje? Na shemeji, kifua kimepoa, au bado anakohoa na kukataa dawa? Yule mjukuu wa mwisho ameshaanza kutembea? Naomba barua hii iwakute mmekaa kwenye chai, wote wazima.

Sisi miili ni mizima. Mimi tu ndiye situlii. Tangu nianze kukuandikia nimeinuka kwenda mlangoni sijui mara ngapi, na chai yangu imepoa bila kunywewa. Nivumilie mwandiko.

Tulipanda malishoni mwezi uliopita, theluji ikiwa haijaondoka vizuri. Kukamua kumeanza. Unawajua farasi, si ng'ombe hawa: kiwele kidogo, ukimaliza hujakaa sawasawa unaitwa tena, na jike hateremshi hata tone mtoto wake asipokuwa ubavuni. Kwa hiyo watoto tunawafunga kwenye kamba mchana, na mama zao wanazunguka hapo hapo. Maziwa ya kwanza yameshachacha kuwa kimizi, kikali cha kutoa machozi, kama anavyokipenda shemeji.

Dume letu la kijivu kafanya kazi yake ya kila mwaka: kawafukuza binti zake kundini. Wakishapevuka hawataki tena. Anawauma mapaja mpaka wakatafute kundi la dume mwingine, maana farasi hazai na mwanawe. Miaka yote nilikuwa nacheka nikiwaona wale wasichana wamesimama mbali, wanatazama nyuma. Mwaka huu sikucheka.

Unajua ninakoelekea. Ni Jipar wangu.

Tulimwoza vuli iliyopita huko Jumgal, ng'ambo ya mlima, tukampa na Toru, yule farasi jike mwekundu aliyekua naye. Desturi huhitaji kufundishwa: bibi harusi hakanyagi kwao mpaka wazazi wamwite kwa karamu na zawadi. Nami kila nikimwambia Toktosun tumwite mtoto, mume wangu ana jibu. Wakati wa baridi njia imefungwa. Masika farasi wamekonda, tutamchinjia nini? Sasa anasema tungoje vuli wanenepe. Huyo ndiye shemeji yako, anataka kila jambo liwe na mafuta.

Basi mwezi wa Aprili, tukiwa bado kijijini, Toru akarudi peke yake. Mimi nilikuwa kwa jirani. Niliporejea Toktosun alikuwa ameshamgeuza na kuondoka naye. Alimkabidhi kwa wakwe langoni na chai akaikataa. Eti Jipar akimwona baba yake atalia, na watu watamcheka. Waliochekwa ni sisi. Kenje, yule jirani yangu asiye na breki mdomoni, alinipigia kelele mbele ya wanawake wote: "Zuura wee! Farasi wenu kaikataa ndoa! Angalia asije akafuatwa na mwenye tandiko, bibi harusi mwenyewe!" Nikamjibu: "Wewe mumeo alikukataa tangu harusini na bado uko naye." Walicheka, nami nikacheka, lakini neno lile liliniingia na halijatoka.

Juma hili Toru amerudi tena. Safari hii kaja moja kwa moja huku malishoni, ambako hakuna aliyemwambia kwamba tumehama. Farasi njia aliyoipita utotoni haisahau. Tumbo lilikuwa limemshuka, chuchu zinavuja. Amebeba mimba yake miezi kumi na moja, halafu akavuka mlima siku za mwisho ili azalie alipozaliwa.

Alinihadaa kama wanavyofanya wote wakitaka kuzaa. Nilimlinda tangu alfajiri, hakuna kitu. Nikaingia ndani kumimina chai, na niliporudi mtoto alikuwa chini, amelowa, miguu mirefu kuliko mwili. Kabla jua halijapanda vizuri alikuwa amesimama, kaanguka, kasimama tena na kuipata chuchu. Ni jike, mwekundu kama mama yake.

Halafu Toru akafanya jambo lililonitia hofu kuliko yote. Alijilaza ubavu, shingo chini, miguu kainyoosha, akalala fofofo katikati ya kundi. Wewe umekulia mgongoni mwa farasi, Dada. Farasi husinzia amesimama. Kulala hasa, chini, halali mpaka awe na wenzake wa kumwangalizia, awe na amani. Toru alilala kama mtu aliyekuwa hajalala tangu vuli. Nilisimama pale namfukuzia nzi, nikajiuliza mwanangu huko analala vipi.

Lakini bado sijakwambia lenyewe. Alipofika, ni mimi niliyemvua kamba ya kuongozea. Farasi akitoroka huja na kamba iliyokatika, au anaiburuta chini mpaka inamtega miguu. Ya Toru haikukatika wala haikuburuzwa. Ilikuwa imezungushwa shingoni, ikafungwa lile fundo la vitanzi viwili ambalo Jipar alilibuni akiwa mdogo, na sote tulikuwa tukimtania nalo. Toru hakutoroka, Dada. Alitumwa.

Nililifungua lile fundo nikanyamaza, nikawa nazunguka na kamba kifuani ndani ya joho. Jana Toktosun akasema mtoto wa Toru akikaza miguu, yeye atawarudisha wote wawili Jumgal. Nikaitupa kamba mapajani mwake.

"Ilikuwa imefungwa shingoni," nikamwambia. "Kwa fundo la Jipar."

Aliigeuzageuza kamba mikononi. Nilingoja aniambie nimezidisha mawazo ya kike.

"Hata ya Aprili," akasema.

"Ya Aprili imefanya nini?"

"Ilifungwa hivyo hivyo. Niliifungua mwenyewe."

"Ukamrudisha?"

"Nilisema atazoea. Mama yako hakuzoea? Dada yako hakuzoea? Wewe hukuzoea?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayopitia mikononi mwa watu. Nimekasirika mpaka sasa, unaona mwenyewe kwenye mwandiko.

Leo asubuhi nimetoka nikamkuta anamtandika yule farasi wangu wa safari. Anavuta mikanda, hanitazami. "Nenda wewe," akasema. "Mimi nikienda watasema nimeleta ugomvi. Mama akienda, ni chai tu. Sema tunamwita. Sema karamu iko tayari."

"Na farasi wamekonda?"

"Nitachinja aliyekonda."

Kwa hiyo, Dada, ninaandika nimeshavaa viatu vya safari. Sijui nitakuta nini. Pengine ni upweke tu wa mgeni, pengine ni jambo baya, na nikikuta baya sitamwacha huko, waseme watakavyosema. Toru simrudishi. Kamba nimeichukua, nitamwonyesha, ajue kwamba ilifika.

Nakumbuka ulivyoitwa wewe nyumbani mara ya kwanza, baada ya miaka miwili ya ndoa. Karamu inapikwa, wageni wamejaa, nawe ukalala kwenye godoro la Mama tangu asubuhi mpaka jioni. Sisi wadogo tukawa tunacheka. Mama alikaa mlangoni na fimbo, kila anayekuja kukuamsha anamrudisha. Hukutwambia kitu wakati ule, nasi hatukuuliza.

Nisalimie shemeji, nisalimie Asel na mumewe, wabusu wajukuu. Mungu awape afya, mifugo isipungue, na mlango wenu usikose mgeni wa heri. Niombee njia iwe kavu mlimani.

Godoro nimeshalitandika. Fimbo nimeiweka mlangoni.

Mdogo wako anayekupenda,
Zuura