Uzi Niliokataa Kuuvua

Dolna Topola,
21 Aprili

Dada yangu mpendwa Tsvetana,

Hujambo, na shemeji Armando naye hajambo? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku hatujambo. Shangazi Velika ana miaka themanini na minne na kila asubuhi anagombana na kuku wake, kwa hiyo ujue afya anayo. Miplamu imechanua, na mto umejaa ila haujavuka tuta.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na leo nina neno ambalo nisipolisema lote kwa mkupuo mmoja nitalimeza tena.

Kwanza habari za safari. Maandalizi yamekamilika. Nilibandika ramani kumi na moja ukutani sebuleni, kuanzia hapa kwetu hadi mlangoni kwako Setubal, ncha ya pili ya Ulaya, na pale ilipokuwa picha ya harusi yangu pakawa na Austria. Marehemu Petko angecheka sana. Nimepanga kilomita arobaini kwa siku, Jumapili napumzika, na mwezi wa nane niko kwako. Majira yote ya baridi nilikaa na penseli na kikombe cha chai, nikichagua mahali pa kulala, nikafuta, nikachagua upya. Tangu Petko afariki sijapata kufurahi namna hii.

Baiskeli ameishughulikia jirani yetu Mincho, yule fundi wa matrekta. Amebadilisha mnyororo, breki na spoku sita, akafunga keria mbele na nyuma. Ila mdomo wake unaujua. Aliniambia mwanamke wa miaka sitini na mmoja kukatiza Ulaya peke yake ni wazimu mtupu, kisha akaniuliza nikipata pancha Ufaransa nitamwita nani, au nitatoa sindano nishone tairi. Nikamwambia suruali zake nimezitia viraka miaka thelathini, tairi litanishindaje? Shangazi naye alileta mitungi minne ya lutenitsa yake ya pilipili na nyanya, eti huko mbele watu hawajui kupika. Nilipomwambia mzigo utakuwa mzito alinuna mpaka nikakubali mtungi mmoja.

Sasa lile neno lenyewe. Unakumbuka mwaka mpya uliniuliza nitaondoka lini, nikakujibu kwamba tarehe mosi Machi nitafunga martenitsa mkononi kama watu wote, uzi wetu mwekundu na mweupe wa kungojea machipuko, na siku nitakayomwona korongo wa kwanza nitauvua uzi, niufunge mtini, nipande baiskeli. Sikuishia kwako. Nilitangaza dukani, mbele za watu.

Basi mwisho wa Aprili unakaribia, na hadi jana kijiji kizima ni mimi tu niliyebaki na uzi mkononi. Korongo wamejenga juu ya nguzo ya umeme pale dukani, jike analalia mayai. Mimi nikienda kununua mkate nilizunguka nyuma ya kanisa, macho chini. Mincho alinipigia kelele kutoka uani kwake: we Raina, korongo anakaribia kuitwa bibi, na wewe hujamwona tu? Nikasingizia macho. Shangazi, ambaye macho yake ni mabovu kweli, akasema hata yeye amemwona mara mbili.

Dada, nilimwona tarehe kumi na tisa Machi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa peke yangu ng'ambo ya tuta, najaribu baiskeli na mzigo, naye amesimama kwenye shamba lililojaa maji. Nikashusha mkono wa sweta, nikaufunika uzi, nikarudi nyumbani. Ulipopiga simu nikakwambia mwaka huu korongo wamechelewa. Nilikudanganya, nisamehe. Sikuogopa barabara, wala mbwa, wala kulala hemani peke yangu. Niliogopa kubandua zile ramani. Safari ikiwa ukutani, kila nikiamka naikuta. Nikishaifanya itakwisha, na mimi nitarudi kwenye nyumba ile ile na kiti cha Petko kitupu. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Halafu juzi ukaniambia Armando amepaka rangi chumba changu. Kisha ukaniuliza kwa upole kama korongo bado. Nikajua unajua.

Leo asubuhi nilipita njia ya dukani na kuinua kichwa. Mincho alipiga makofi mpaka korongo mwenyewe akashtuka. Nimebandua ramani, na picha ya harusi nimeirudisha mahali pake. Shangazi alinikatia uzi kwa mkasi wake, akanisukuma kwenye mplamu wetu niufunge. Sikuufunga. Nimeutia kwenye bahasha hii. Kesho nikipita na baiskeli barua nitaiacha posta ya mjini Lom, na kutoka pale sirudi nyuma.

Msalimie sana Armando. Shangazi anakusalimu, na anauliza kama unakula vizuri. Uzi usiufunge popote, dada, maana nakujua ulivyo na haraka. Aliyeuvaa ndiye anayeufunga. Uweke kabatini tu, na mlimau wako usiupogoe, ndipo nitakapoufunga. Nakuja na mkono wangu mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Raina