Bibi na Mkemwenza Wake

Chumba cha nyuma,
Shambani kwa Bibi.
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na yule mtoto anayenihoji kwenye simu kama hakimu. Hamjambo? Kifua chako kimepona? Kazini wamekupunguzia zamu? Sisi huku tu wazima, ila mimi nakuandikia nikiwa nimekalia mto. Sababu utaikuta mbele, usicheke mapema.

Najua ulitamani kuwapo kwenye mazishi. Usijilaumu, safari ni ndefu na taarifa ilikufikia imechelewa. Kwenye simu tulilia tu mpaka salio likaisha, hatukuambiana kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Bibi hakuugua. Asubuhi ile alikamua ng'ombe, akaweka ndoo mezani, akaifunika kwa sahani, akasema anajinyoosha kidogo. Unamjua, tangu aolewe hakuwahi kujinyoosha jua likiwa juu. Shangazi alipokwenda kumwamsha kwa chai, ilikuwa imekwisha.

Tulimzika vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye mahindi, kila mmoja na lake: huyu alipewa mbegu, yule alifundishwa kupandikiza miche, mwingine alichapwa kwa kuiba mapera na sasa anajivunia fimbo ile. Mimi niliambiwa niseme machache kwa niaba ya wajukuu. Nikasema, "Bibi alikuwa," nikakwama hapo hapo. Fundi cherehani mzima nimeshindwa kuunga sentensi moja.

Sasa nikupe jambo lililotukaa kooni wiki nzima. Ni ng'ombe.

Unamkumbuka Mkemwenza. Babu alikwenda mnadani kununua mabati, akarudi na ndama mwekundu. Bibi akamtazama yule ndama, akauliza kama ndiye atakayezuia mvua, kisha akamkaribisha: karibu, mke mwenza. Jina likaganda. Tangu alipoanza kutoa maziwa hakuna mwingine aliyewahi kumkamua, na kila asubuhi Bibi alimweleza mwenzake makosa ya mume wao. Sisi tulikuwa tukisikia mnong'ono tu kwa mbali, tunacheka ndani ya mashuka. Babu tulijua hasikii. Kumwomba chumvi ilibidi upige kelele mpaka kuku watawanyike.

Basi baada ya mazishi Mkemwenza akagoma. Mama jirani alijaribu, akaambulia teke. Shangazi akavaa gauni la kazi la Bibi, lenye harufu yake bado, akaketi upande wa kulia kama wakamuaji wote, akamwimbia kwa huruma. Ndoo ikapaa. Nikaenda mimi na maneno matamu na uzito wangu wote, nikaketi palepale. Teke moja tu, nikajikuta nimekaa kwenye kinyesi. Hiyo ndiyo habari ya mto.

Kiwele kikavimba, kikawa cha moto. Daktari wa mifugo akampiga sindano, maziwa yakatoka kidogo, lakini akatuambia wazi kwamba sindano si ya kila siku, na kiwele kisipokamuliwa mpaka mwisho kitaoza. Mchana kutwa Mkemwenza alilia mlio wa kukata maini, na hapakuwa na pembe ya nyumba ambapo hukuusikia.

Hapo Baba Mdogo akakata shauri. Usimchukie, naye ameondokewa na mama. Alisema Jumamosi ng'ombe aende kwa mchinjaji angali hai, na Babu ahamie kwake mjini, kwa sababu bila Bibi hakuna wa kukaa naye hapa, kila mtu ana kwake. Shangazi akamjibu bila kumtazama kwamba kumtoa Babu kwenye nyumba hii ni kutuitia msiba wa pili. Wakanuniana. Chakula kikawa kinaliwa kwa zamu, anayeingia anangoja aliyemo atoke. Mimi nilikula na wote wawili, kwa ajili ya amani.

Na Babu? Hakula, hakusema. Alikaa kitandani akiutazama ukuta, ule ambao upande wake wa pili ni banda la ng'ombe. Baba Mdogo akamfungia nguo kwenye begi, akamfokea sikioni kumweleza safari. Babu akaitikia kwa kichwa. Itikio lile liliniumiza kuliko teke.

Jumamosi asubuhi mchinjaji akafika na gari, kamba begani, na uso wa pole ambao nadhani huuvaa akienda kazini. Shangazi akasimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni. Baba Mdogo akamwomba apishe. Hakupisha. Akamwomba tena, na nikaona kabisa kwamba watoto wa mama mmoja wanakwenda kushikana mashati mbele ya mgeni. Nikajisogeza katikati nikichechemea, sijui ningefanya nini.

Babu akatoka. Ndala miguuni, ndoo mkononi. Akatupita kama anapita miti. Hakwenda kulia. Alijipenyeza kushoto, kwenye uchochoro kati ya ng'ombe na ukuta wa chumba chao, akavuta kigoda cha Bibi, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Mkemwenza. Nikafumba macho nikingoja teke.

"Mke mwenza," akasema, kwa sauti ndogo kama ya Bibi, ambayo sijapata kumsikia nayo. "Huyu mzee wetu amenichosha. Ndala kaziacha mlangoni tena, nimejikwaa. Chai anamaliza kikombe kizima, ndipo anasema haina sukari. Maharage nimepanda mimi, wageni wakija anasema kapanda yeye."

Mkemwenza akaacha kukanyagakanyaga.

"Tangu nije hapa hajaniambia asante hata siku moja. Lakini jana nilikohoa, akaamka akanifunika miguu, akidhani nimelala. Sasa nikimsema vibaya nitakuwa mwongo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Maziwa yakagonga ndoo.

Ya kwanza yalikuwa mazito, ya kumwaga, kisha yakaja meupe. Babu alikamua na kulalamika, alikamua na kulalamika, mpaka kiwele kikalegea kama soksi. Mchinjaji akaanza kuikunja kamba yake polepole, bila kuambiwa.

Baba Mdogo akasema, "Baba. Kumbe unasikia?"

"Nikisikia mtanituma," Babu akajibu bila kugeuka. Akakamua kidogo, kisha akasema, "Na mama yenu angejua nasikia, angenyamaza."

Baba Mdogo akakaa chini palepale, kwenye majani ya ng'ombe, na suruali yake ya ofisini, akalia kama ambavyo hakulia makaburini. Shangazi akamfuata, akamshika kichwa. Begi lilifunguliwa kabla ya chakula cha mchana, na chakula tulikula pamoja. Tumekubaliana Shangazi abaki mpaka mavuno, kisha mimi nihamishie cherehani huku. Cherehani haibagui pa kushonea, na wateja wangu wengi walikuwa wananikimbia hata hivyo.

Lakini mdogo wangu, kuna jambo sijamwambia mtu. Jana alasiri nilikwenda kukaa kwenye kile kigoda. Nilipita uchochoroni kwa kuvuta tumbo. Hakuna nafasi pale, hakuna mwanga, mkamuaji mwenye akili timamu angekaa upande wa pili, ndiyo maana sote tulikaa huko tukapigwa mateke. Nikawa najiuliza Bibi alijibana pale kwa nini miaka yote ile. Ndipo Babu akakohoa chumbani kwake, nikageuka nikidhani yuko begani kwangu.

Ukuta ule ni mbao tupu. Bibi alijua anaongea na nani.

Babu sijamwambia. Leo nimeamka kwenye kitanda cha Bibi, maana nililala na Babu asiwe peke yake chumbani. Sauti yake ikatokea ukutani, upande wa banda, na safari hii hayakuwa maneno ya Bibi.

"Mke mwenza, mwenzako kaondoka hajaniaga. Ndala nimezitoa mlangoni, nani wa kuona? Nilikuwa na asante yangu. Nilikuwa naiweka, naiweka."

Baadaye akaingia na ndoo, ameifunika kwa sahani. Akanitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama nimeamka zamani.

Nikaweka mkono sikioni. "Ee?"

Akanitazama kitambo, bega likamshuka. Kisha akapaza sauti, "Nimesema chai iko tayari!"

Shangazi anakusalimu na anauliza kama unakula. Baba Mdogo anakusalimu, suruali imefuliwa. Babu anasema ukipiga simu usimpigie kelele, na usimtume. Mkemwenza hajasema kitu. Msalimie shemeji, na hakimu mbusu.

Mungu akulinde huko ugenini, akujalie ukuta mwembamba na mtu wa kukusikia upande wa pili.

Wako akupendaye, ingawa ananuka zizi,
Kaka Mnene