Nyonga Imepona, Mguu Bado Unaogopa

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku kwetu Sio Port, kando ya ziwa, tuko salama, ila mvua hii ya El Nino imebomoa ukuta wa jikoni na mimi nimechoka. Unauliza mbona bado unachechemea ilhali daktari anasema nyonga uliyopasuliwa imepona.

Nikiwa msichana nilianguka na beseni la omena, wale samaki wadogo, nyonga ikaumia. Ilipona, lakini nikaendelea kuchechemea. Siku moja mama alinisimamisha njiani.

"Bado inauma?"

Nikajisikiliza. "Hapana, mama."

"Sasa unaogopa nini?"

Nililia. Akanishika mkono, tukatembea polepole hadi sokoni. Kunyooka kulichukua muda mrefu, na nikichoka bado naegemea upande mmoja.

Usiugombeze mguu. Ulikulinda ulipoumia, na haujajua kwamba maumivu yameisha. Uambie taratibu.

Nyanya yako,
Nabwire